DLE-30 au DLE-35RA: injini gani ya petroli kwenye Extra ya mita 1.9?

Fremu za ndege za sarakasi za rimoti zenye mabawa ya mita 1.85 hadi 1.95, ziwe Extra 300, Edge 540 au Yak 54, nyingi huja na maelezo yaleyale: injini ya petroli ya 30 hadi 35 cc. Majina mawili hujitokeza mapema, DLE-30 na DLE-35RA, zote za kiwanda kimoja cha China. Watu wengi hutazama nguvu za farasi, wakaona ya 35 imezidi, wakailipia. Kwa maoni yangu farasi ndiyo sababu ndogo kuliko zote. Kinachozitenganisha hizi mbili ni ekzosi inatokea wapi na kabureta imekaa wapi. Hayo mawili ndiyo yanayoamua utakata boneti kiasi gani, joto litatokea wapi, na kama Jumamosi utaruka au utashinda umeinama juu ya pua ya ndege na bisibisi mkononi.

Nimeziweka pembeni na wenzao wawili, mdogo na mkubwa, ili uone ngazi yenyewe ilivyo:

| | DLE-20 | DLE-30 | DLE-35RA | DLE-55 |
|---|---|---|---|---|
| Nguvu (farasi) | 2.5 | 3.7 | 4.1 | 5.5 |
| Uzito wa injini tupu | g 650 hivi | g 910 hivi | g 950 hivi | kg 1.4 hivi |
| Ekzosi | ubavuni | ubavuni | nyuma | ubavuni |
| Propela (inchi) | 16x8, 17x6 | 18x8, 18x10 | 19x8, 20x8 | 22x8, 23x8 |
| Mabawa yanayoifaa | mita 1.6 hadi 1.75 | mita 1.85 hivi | mita 1.85 hadi 1.95 | mita 2.2 hivi |

Uzito huo ni wa injini tu. Sailensa, kisanduku cha cheche na betri yake vinaongeza gramu 250 hadi 350, na mtu akisahau kuvihesabu ndipo ndege inapokuja kuwa nzito puani bila yeye kuelewa kwa nini. DLE-20 na DLE-55 nazo zina ndugu zao wenye herufi RA, yaani ekzosi nyuma, kwa hiyo mengi nitakayosema hapa yanazihusu pia.

Methanoli na betri kwanza, ili tuzimalize

Mwenye injini ya methanoli atakwambia yake ni nyepesi, haina plagi ya cheche wala kisanduku, na inawaka kwa waya mdogo tu wa platina. Ni kweli. Kwenye ndege ndogo ya mita 1.4 ningemuunga mkono. Lakini kwenye ukubwa huu hesabu inageuka, na chanzo chake ni kemia. Ili kuungua sawasawa, gramu moja ya petroli inahitaji gramu kama 14.7 za hewa; gramu moja ya methanoli inatosheka na 6.4. Kwa hewa ileile inayoingia kwenye silinda, methanoli inanywewa zaidi ya mara mbili. Tangi linakuwa kubwa, na mafuta yenyewe yana oili ya asilimia 15 hadi 20 ambayo nyingi inatoka kwenye ekzosi ikiwa mbichi na kulowesha tumbo la ndege. Petroli iliyochanganywa moja kwa thelathini ina oili ya asilimia 3 tu. Ukimaliza kuruka unapitisha kitambaa, unaondoka.

Kuna jingine ambalo wanaosifia wepesi wa methanoli hawalitaji. Injini nyingi za methanoli hazina pampu. Zinategemea presha kidogo inayotoka kwenye sailensa kwenda tangini, kwa hiyo tangi lazima liwe karibu na injini, mbele kabisa. Kabureta ya petroli ina pampu yake ndani, kiwambo chembamba kinachochezeshwa na mapigo ya presha ya kasha la kranki, na inavuta mafuta kutoka mbali bila shida. Kwa hiyo tangi unaliweka katikati, chini ya bomba la bawa, penye kitovu cha uzito. Tangi la mililita 480 likijaa lina petroli ya gramu 350 hivi. Zikiwa puani, ndege unayoirusha dakika ya kwanza si ile unayoitua dakika ya kumi. Zikiwa kwenye kitovu, kuruka ndege ikiwa imelala ubavu, ikishikiliwa na usukani wa mkia, kunabaki vilevile mwanzo hadi mwisho. Kwa mtu wa sarakasi hilo lina thamani kuliko wepesi.

Umeme ni mpinzani wa kweli, sitamdharau. Katika F3A, daraja la sarakasi za usahihi la FAI (shirikisho la kimataifa la michezo ya anga), ambako ndege haitakiwi kuzidi mita 2 kwa urefu wala kwa mabawa, na kilo 5 kwa uzito, mota zimetawala. Hakuna mtetemo, hakuna kelele, nguvu inakuja papo hapo, na hakuna skrubu ya kurekebisha. Kama uwanja wako umezungukwa na nyumba, soma mpaka hapa tu kisha ukanunue mota.

Kwetu Afrika Mashariki tatizo la umeme ni kuufikisha. Ndege ya ukubwa huu hutumia betri mbili za LiPo za 6S, yaani za seli sita kila moja, zilizounganishwa mfululizo, kwa mfano za 5,000 mAh. Kila moja ni kama saa-wati 111. Sheria za mizigo ya ndege za abiria zinasema betri ya akiba iliyozidi saa-wati 100 hadi 160 inahitaji idhini ya shirika, isizidi mbili kwa abiria, na ikae kwenye begi la mkononi. Kwa hiyo ndugu anayekuja kutoka Dubai anaweza kukuletea seti moja, na kwa seti moja unaruka dakika sita hivi kisha unakaa kusubiri jenereta. Injini mpya ambayo haijawahi kuonja mafuta ni chuma tu ndani ya boksi. Na petroli yake iko sheli yoyote.

Ekzosi ubavuni, ekzosi nyuma

Sasa tuje kwenye kiini. Ndani ya boneti ya Extra, injini kwa kawaida hufungwa kichwa chini, silinda ikining'inia kuelekea kidevuni. Ukiifunga DLE-30 hivyo, mdomo wa ekzosi unatazama ubavuni, na sailensa iliyokuja nayo inatokeza upande mmoja. Una njia mbili: ukate boneti ubavuni mpaka sailensa ipate nafasi, au ununue sailensa ya mtindo wa Pitts, ile inayozunguka nyuma ya silinda na kutoa vidomo viwili chini. Watu wa DLE-30 wengi huishia kwenye hiyo ya pili, kwa hiyo ile sailensa ya bure inabaki sandukuni na bei ya injini inakuwa imepanda kimyakimya. Weka hilo kwenye hesabu kabla hujasema ya 30 ni nafuu.

DLE-35RA inatoa moshi nyuma. Sailensa yake inakaa mgongoni mwa silinda, ndani ya upana uleule wa injini, na tundu unalohitaji liko chini ya boneti, pale ambapo ungekata hata hivyo ili hewa ya moto itoke. Kwa ndege za pua nyembamba hili linamaliza ubishi. Nimeona boneti za DLE-30 zilizokatwakatwa mpaka zikabaki mifupa, nyufa zikaanza kwenye kona za matundu, fundi akaziba kwa kitambaa cha fiba, mtetemo ukazifungua tena. Ukikata, kona ziwe za mviringo. Kona kali ndiyo mwanzo wa ufa.

Usidhani RA imekuja bila deni. Deni la kwanza ni joto kwenye mbao. Sailensa ikiwa nyuma ya silinda, iko jirani na kisanduku cha plaiwudi ambacho injini imefungwa juu yake. Acha nafasi ya angalau sentimita moja kati ya chuma na mbao, na ubandike karatasi ya alumini inayostahimili joto mahali panapotazamana na sailensa. Epoksi ya dakika tano isitumike kabisa eneo hili. Joto huilainisha.

Deni la pili halionekani kwa macho. Upande wa ekzosi ndio upande wa moto kuliko wote kwenye silinda. Kwenye DLE-30 upande huo upo ubavuni, upepo unaupitia. Kwenye RA umejificha nyuma, kwenye kivuli cha upepo. Mapezi ya mbele yanapata ubaridi, ya nyuma yanaokwa. Dawa ni vikinga vya plaiwudi nyembamba au balsa nene, vinavyoibana silinda pande zote ili hewa inayoingia puani isipate njia nyingine ila kupita katikati ya mapezi na kuzunguka mpaka nyuma. Na mahali pa kutokea hewa pawe na ukubwa mara mbili hadi tatu ya mahali pa kuingilia. Hewa ikipata joto inatanuka. Ukiipa mlango mdogo wa kutokea itagoma kuingia. Hii ya mlango wa kutokea inazihusu injini zote mbili, lakini ya 30 itakuvumilia kidogo ukiwa mzembe, ya 35RA haitakuvumilia.

Kama unafikiria siku moja kuweka kanista, lile bomba refu linalolala tumboni na kupunguza kelele sana, RA ndiyo yako. Paipu inatoka nyuma na kuelekea moja kwa moja kwenye mfereji wa chini ya fremu. Kwa DLE-30 itabidi paipu izunguke kona kwanza.

Kabureta: hapa ya 30 inalipiza

Kabureta ya DLE-30 iko nyuma ya kasha la kranki, inatazama ule ukuta wa plaiwudi. Injini inasimama kwenye nguzo nne za alumini, na kabureta inakaa katikati ya nguzo hizo. Fimbo ya kuongeza mafuta inatoka kwenye mkono wa kabureta, inapenya ukutani na kufika kwenye servo (kimota kinachoisukuma kwa amri ya rimoti) ikiwa imenyooka, fupi, bila kona. Kazi ya nusu saa. Hakikisha tu mdomo wa kabureta haujabanwa na ukuta, na kama nguzo ni fupi toboa tundu kubwa nyuma yake ili ivute hewa ya ndani ya fremu, ambayo ni tulivu.

Huo utulivu wa hewa una faida ambayo wengi hawaijui mpaka waikose. Kabureta hizi, za ukoo wa Walbro kama zile za misumeno ya mnyororo, zina kiwambo cha pili kinachopima mafuta kwa kulinganisha presha ya ndani na ya nje. Nje yake kuna kifuniko chenye kitundu kidogo. Kwenye DLE-35RA kabureta iko upande wa pili wa silinda. Ukiifunga injini kichwa chini, kabureta inakuwa juu, chini ya paa la boneti, mahali upepo unapopiga na kuzungukazunguka. Ndege ikiwa chini imeshikwa mkia, unaitengeneza inalia vizuri kabisa. Ikiruka, ikishuka kwa kasi, presha ndani ya boneti inabadilika, kiwambo kinadanganyika, mchanganyiko nao unahama. Rubani anatua, anageuza skrubu, anaruka, tatizo lilelile. Anaweza kugeuza skrubu hizo mpaka jua lizame.

Tiba yake ni rahisi: kifuniko cha kiwambo kinawekewa kijibomba kidogo cha shaba juu ya kitundu chake, kisha mrija mwembamba unapelekwa ndani ya fremu, nyuma ya ukuta, ambako hakuna upepo. Kiwambo kinapumua hewa tulivu na injini inaacha vituko. Wapo wanaoruka RA bila kufanya hivi na hawajapata shida, kwa sababu boneti hazifanani. Lakini ukiona injini iliyokaa sawa ardhini inabadilika tabia angani, anzia hapo kabla hujaanza kulaumu plagi.

Kwa vipuri, ukoo huo wa misumeno ni neema kwa injini zote mbili. Viwambo vikikakamaa baada ya ndege kukaa miezi bila kuruka, fundi wa misumeno au mashine za kukata majani mara nyingi ana seti zake au anajua pa kuzipata. Mpelekee kabureta yenyewe mkononi, msilinganishe kwa maneno ya simu.

Farasi 0.4, na uwanja uko juu kiasi gani

Tofauti ya nguvu ni farasi 0.4 tu, na tofauti ya uzito ni kama yai moja la kuku. Ndege ya kilo 5 hadi 5.5 ikiwa na DLE-30 kwenye uwanja wa pwani inapanda wima na kufanya mizunguko yote ya sarakasi za kawaida. Tofauti unaiona kwenye 3D: ndege ikining'inia kwa propela pua juu, halafu unataka itoke hapo kwa kishindo. Kwa mchezo huo unahitaji msukumo wa mara moja na nusu ya uzito au zaidi, na hapo ya 35 inakuachia akiba.

Lakini akiba hiyo inaliwa na mwinuko. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ina uzito wa asilimia 85 hivi ya ile ya Mombasa, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Farasi 4.1 za pwani zinakuwa kama 3.5 Nairobi. Yaani DLE-35RA ikiwa Nairobi haifiki hata DLE-30 iliyoko Dar es Salaam au Tanga. Propela nayo inashika hewa nyembamba. Kwa hiyo kwa wa Nairobi, Nakuru, Arusha au Mbeya, siwezi kusema "30 inatosha" kama ninavyoweza kumwambia wa pwani. Huko juu, kwenye fremu iliyoandikwa 30 hadi 35, mimi naweka 35. Pwani naangalia umbo la boneti kwanza.

Mwinuko unagusa kabureta pia, na hapa kuna hatari ya kweli. Ukitoa ndege pwani ukaipeleka Nairobi, hewa inapungua, petroli inabaki nyingi kwa uwiano: injini inalia nzito, inatoa moshi, haifiki mwisho wa mizunguko. Inaudhi, haiharibu. Kinyume chake ndicho kinachoua. Injini iliyorekebishwa Nairobi mpaka ikakaa sawa, ukiishusha Mombasa au Malindi kwa maonyesho na kuirusha vilevile, inakutana na hewa nzito, petroli inakuwa chache, na oili ndiyo hiyohiyo iliyomo ndani ya petroli. Inalia vizuri mno, kali, tamu. Dakika chache baadaye pistoni imekwaruzika. Ukishuka pwani, fungua skrubu ya H, ile ya mchanganyiko wa mwendo wa juu, robo mzunguko kabla hujawasha, kisha uirekebishe upya ukiwa hukohuko.

Ambayo zote mbili zitakudai

Petroli ya kawaida inatosha. Mbano wa DLE-30 ni 7.6 kwa 1, mdogo, haudai okteni ya bei. Kinachodai umakini ni petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa. Kwenye bodaboda utaisikia ikigonga na kuendelea na safari. Kwenye ndege itazimika ikiwa juu ya miti. Nunua sheli yenye mauzo mengi, chuja kwa kitambaa au chujio laini unapoingiza kwenye dumu la uwanjani. Oili ni ya 2T nzuri, moja kwa thelathini kama kiwanda kinavyoagiza: mililita 33 kwa kila lita. Kipime kwa bomba la sindano la hospitali, si kwa kifuniko cha chupa.

Mirija ya silikoni iliyobaki kutoka kwenye ndege yako ya methanoli itupe. Petroli inaivimbisha na kuilainisha, kisha inachomoka. Tumia ile ya njano aina ya Tygon, na kizibo cha tangi kiwe cha mpira wa petroli.

Umeme wa cheche uwe na betri yake na swichi yake, mbali na risiva. Sentimita 30 ni umbali mzuri. Rimoti za sasa za 2.4 GHz zinavumilia kuliko zile za zamani za 72 MHz, lakini kofia ya plagi ikilegea hata kidogo inageuka kituo cha redio. Ibonyeze mpaka uisikie imekaa. Fimbo ya mafuta iwe na kipande cha plastiki njiani, isiwe chuma kitupu kutoka kabureta hadi servo, ili kelele za cheche zisisafiri. Pengo la plagi, NGK CM6, ni milimita 0.45 hadi 0.5. Na weka swichi ya kuzima cheche kupitia rimoti. Siku fimbo ya mafuta itakapochomoka injini ikiwa kwenye mwendo wa mwisho, utaona umuhimu wake.

Bolti zote za injini na sailensa zipakwe Loctite ya bluu baada ya kufutwa mafuta kwa spiriti. Injini ya silinda moja hutetemeka, hakuna namna. Baada ya kuruka mara ya kwanza toa boneti ushike kila bolti kwa mkono. Kwenye kuanzisha, mtu mwingine ashike mkia, wewe uvae glavu nene, na propela igeuzwe kama vile cheche iko wazi muda wote, hata ukiwa na hakika swichi imezimwa. Propela ya inchi 19 haina ajali ndogo. Ruhusa ya kurusha ni suala la mamlaka za usafiri wa anga: KCAA kwa walio Kenya na TCAA kwa walio Tanzania. Waulize kabla ya kununua fremu.

Wanaotamani zaidi

Kila mara kuna anayesema: kama 35 ni bora kuliko 30, si niweke 55 kabisa? Kwenye fremu ya mita 1.9, hapana. Karibu nusu kilo imeongezeka mbele kabisa, na ili kuisawazisha utajaza risasi mkiani, ndege inakuwa nzito pande zote mbili na inazunguka kwa uvivu. Propela ya inchi 22 nayo itaomba magurudumu marefu. DLE-55 ni injini nzuri sana kwenye ndege yake, ile ya mita 2.2, na kama hujanunua fremu bado na una gari la kuibeba, huko ndiko ningekuelekeza, kwa sababu ndege kubwa huonekana vizuri na hutulia kwenye upepo wa mchana. DLE-40 ya silinda mbili ni laini na haitetemeki sana, ila ni pana, na boneti nyembamba itaikataa. Saito ya Japani yenye mipigo minne ina sauti ambayo inamfanya mtu asahau bei, mpaka atakapohitaji kipuri.

Ukiuziwa ya mtumba

Injini nyingi zinazouzwa mkononi ni DLE-30, kwa sababu imekuwepo sokoni muda mrefu. Si mbaya, mradi uiangalie. Fungua bolti mbili za sailensa uchungulie pistoni kupitia mlango wa ekzosi: ukiona mikwaruzo ya wima upande huo, injini iliwahi kukosa oili au kuruka na petroli chache, iache. Geuza propela taratibu kwa mkono, plagi ikiwa imefungwa na cheche imezimwa. Inapaswa kukataa na kukusukuma nyuma, si kuteleza kama feni. Tikisa shafti juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako ikiwa baridi, na usikubali uikute imeshapashwa moto. Kisha iache kwenye mwendo wa chini dakika mbili na uipandishe ghafla hadi mwisho. Ikisita kidogo ndipo ipande, huo ni urekebishaji wa skrubu ya L, ile ya mwendo wa chini, mnaweza kuelewana bei. Ikizimika kila mara hata baada ya skrubu kuguswa, viwambo vimekakamaa, na hapo bei ya seti ya kabureta itolewe kwenye bei anayotaka.